Gitaa Lililogeuzwa

Kaniki mpya ina harufu yake: rangi ya buluu iliyokolea hadi ikawa nyeusi, na nyuma yake kitu kama chuma kilicholowa mvua. Juzi nilipita kwenye soko la Kasuku, jambo nisilolifanya mara nyingi, maana mimi ni mtu wa nyumbani, wa kiti na kikombe, na mke wangu husema siku nitakapofika kivukoni peke yangu ataita majirani washangilie. Mchuuzi mmoja alikuwa akikunjua kaniki juu ya meza. Harufu ikanifikia. Kabla sijajua ninalofanya, mkono wangu wa kushoto ulikwishakwenda mgongoni kujificha. Mtu mzima, mwenye mvi, nimesimama sokoni na mkono nyuma kama mtoto aliyeiba sukari.

"Mzee, iko nini nyuma?" mchuuzi akaniuliza, akidhani nimeficha kitu chake.

"Iko mukono," nikamwambia.

Ninyi wa rika langu, mliokulia Kindu enzi za Wabelgiji, mnakumbuka kwamba kila nyumba ilikuwa na mtu wake wa kuogopwa, na mara nyingi hakuwa Mbelgiji. Mbelgiji alikaa mbali, upande wa nyumba za matofali na maua. Kwetu aliyeogopwa alikuwa Shangazi Zaina, dada mkubwa wa baba yangu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kufungia mlango. Baba yangu, Amisi, alikuwa fundi wa mashine kwenye meli ya mto, akienda na kurudi, zaidi akienda. Mama alikuwa amerudi kwao Kibombo, na hakuna aliyenieleza sababu. Nikabaki na Shangazi.

Nilizaliwa mashoto. Kijiko, jiwe, chaki, kila kitu kilikwenda kushoto chenyewe, kama maji yanavyojua mteremko. Lakini katika nyumba ya Waislamu kama yetu, mkono wa kushoto ulikuwa na kazi moja tu, na kazi hiyo ilifanyiwa uani, nyuma ya ukuta wa matete. Kula, kusalimia, kupokea zawadi, kushika Msahafu: kulia. Basi Shangazi alichana kipande kirefu cha kaniki, na kila sinia ilipotua mkekani alinifunga kifundo cha mkono wa kushoto nyuma ya kiuno.

"Mukono ya choo haitagusa sinia yangu," alisema, akikaza fundo kwa meno. "Nyumba yenye mashoto, baraka inatoka na mulango wa nyuma."

Nilisikia habari hiyo ya mlango wa nyuma nikafanya hesabu zangu za kitoto. Mama alitoka kwa mlango wa nyuma. Nilimwona mwenyewe, sanduku kichwani. Basi Mama ndiye baraka, na mkono wangu ndio uliomfukuza. Sikumwuliza mtu. Jambo lililo wazi namna hiyo utamwuliza nani?

Shuleni, kwa mapadri, hali ilikuwa ileile, ila kwa rula. Frere, mtawa wa kizungu aliyetufundisha kusoma, alituita mabaki ya Waarabu. Shangazi naye alimwita mla nguruwe. Hawakuwahi kusalimiana hata mara moja. Katika ulimwengu mzima walikubaliana jambo moja tu: mkono wangu wa kushoto upigwe. Nilipoandika kwa huo mkono, herufi zangu zilitazama nyuma, kama zinamsubiri mtu aliyechelewa. Wenzangu wakalisahau jina langu, Rama, wakanipa jingine: Kushoto. Hata mbuzi wa jirani, nadhani, alilijua.

Sasa, palikuwa na Assani. Assani alikuwa karani wa posta wiki nzima na mpiga gitaa wa jazi Jumamosi, na alitaka watu wamkumbuke kwa Jumamosi tu. Nywele zake zilipakwa mafuta hadi nzi wakateleza. Orkesta yake ilipiga alasiri kwenye baraza la baa moja ya site, mtaa wetu sisi weusi, na watoto tulitazama kutoka ng'ambo ya barabara. Wenzangu walitazama viuno vya wachezaji. Mimi nilitazama mikono ya Assani, na nilichokiona kilinikata pumzi.

Mkono wake wa kulia ulikuwa unakwaruza tu pale chini, kama kuku anayetafuta mchele. Wa kushoto ndio uliofanya kila kitu! Ulipanda shingo ya gitaa, ukashuka, ukajinyoosha, ukakimbia kama panya juu ya ukuta, na watu walipiga vigelegele. Hadharani. Mchana kweupe. Na hakuna mtu aliyeufunga.

Nikaelewa, au nikadhani nimeelewa, kwamba wapiga gitaa wote ni mashoto. Kwamba liko kabila zima la mashoto mahali fulani, na gitaa ndicho chombo walichojitengenezea ili wapumzike na kelele za watu wa kulia. Niseme kweli, sikuutaka muziki. Muziki niliukuta baadaye, kama mtu aliyehamia nyumba akakuta ndani mna mke. Nilichotaka ni kazi ya heshima kwa mkono wangu. Na nilitaka habari zifike Kibombo kwamba mkono ule ule sasa unapigiwa vigelegele, ili Mama arudi na sanduku lake.

Nafasi ilikuja na kisu. Nilipoanza kupona tohara, Baba alikuwa amerudi safari, na kama ilivyo desturi aliniuliza mbele ya wageni nataka zawadi gani. Wenzangu walikuwa wamepata shati, kofia, jogoo.

"Gita," nikasema.

Shangazi akacheka kwa pua. "Mutoto huyu wamemukata wapi? Kichwani?"

"Dada, nimekwisha kuahidi," Baba akasema, akitazama miguu yake. "Mbele ya watu."

"Na muke wako ulimuahidi mbele ya nani? Mbele ya mbuzi?"

Baba akainuka kuwamiminia wageni kahawa. Lakini kesho yake alinishika mkono, wa kulia, tukaenda dukani, na akamwomba Assani atusindikize kwa sababu yeye ndiye mjuzi. Kwa maisha yote niliyomjua baba yangu, huo ulikuwa ushujaa wake wa pekee mbele ya dada yake. Aliporudi nyumbani alilala na viatu.

Duka lilikuwa la Mgiriki, upande wa wazungu, lenye mlango kwa wateja na dirisha kwa sisi. Magitaa mawili yalining'inia ukutani. La kwanza lilikuwa la kawaida, dogo, bapa, lenye tundu la mviringo katikati. La pili lilikuwa la jazi lenyewe: limevimba mbele na nyuma kama kifua cha njiwa, rangi ya asali iliyoungua pembeni, na badala ya tundu lilikuwa na mipasuko miwili mirefu iliyopinda, mmoja kila upande wa nyuzi. Liliachwa na mzungu mmoja aliyehama, Assani akatuambia, na sauti yake ikawa ya mtu anayezungumzia mali yake iliyowekwa kwa jirani.

"Mesie," Baba alisema dirishani, kofia mkononi, "tunaomba mutoto ajaribu."

"Ajaribu na macho," Mgiriki akajibu bila kuinua kichwa.

"Mesie, macho haiwezi kujua kama inamutosha."

"Shauri yako. Ikitoka hapa dirishani, hairudi."

Assani akajipenyeza mbele, akatoa Kifaransa chake cha posta, kilichopakwa mafuta kuliko nywele zake. Akalisifu duka. Akaisifu miwani ya Mgiriki. Nadhani aliisifu hata mizani. Mwishowe magitaa yakapitishwa dirishani, miguu mbele kama wagonjwa, nami nikakalishwa juu ya gunia la chumvi pale barazani. Bado nilikuwa natembea kama bata, na nilikaa kama bata vilevile.

"Sikia, weye Kushoto," Assani akaniambia. Kumbe hata yeye alilijua. "Gita ni kama kiatu. Muntu anayeanza asichukue ya kumuuma. Kwanza, bega. Ikumbatie. Bega ikipanda kwa sikio, tumbo ya gita imekushinda. Halafu shingo: gumba na kidole cha kati vikaribie kusalimiana. Halafu bonyeza uzi huku juu, karibu ya funguo za kukaza. Ukilia, weka chini."

Ushauri mzuri kabisa, na hadi leo nawapa wanaoanza. Lakini tazameni alivyoutumia. Nilikumbatia gitaa dogo: bega likatulia, gumba na kidole vikakaribiana, na uzi uliniuma kidogo tu.

"Mbaya," akasema Assani.

"Mbaya nini?" Baba akauliza.

"Nyuzi zimesimama juu kama kamba za kuanika nguo. Na hakuna dawa. Muangalie hii ya jazi."

Nikapewa la jazi. Bega langu likapanda hadi likagusa sikio. Kidevu kikakaa juu ya ukingo wake kama mtu anayechungulia ukutani. Nilibonyeza uzi, machozi yakanitoka.

"Unaona? Analia na furaha," Assani akamwambia Baba.

"Bega imepanda."

"Atakua! Na nyuzi, angalia, chini ya hiki kijiti kinachozibeba kuna vigurudumu viwili. Unazungusha, zinashuka. Ile ndogo haina. Ile ndogo ukimununulia, mwaka kesho dada yako ataipikia maharagwe."

Hata mtoto angeona kwamba Assani hakuwa anachagulia bega langu. Alikuwa anachagulia bega lake. Yeye mwenyewe alikuwa na gitaa bapa lenye ufa, lililofungwa kwa waya, na jicho lake lilikuwa limekaa juu ya lile la jazi kama nzi juu ya embe. Nilimwona, nikamchukia, nikakubali. Nilikuwa na sababu yangu. Ile mipasuko miwili: mmoja ulitazama upande huu, mwingine upande ule, herufi ileile moja, imeandikwa mara ya kwanza vizuri na mara ya pili kinyume, kama ninavyoandika mimi. Na aliyelichonga hakupigwa rula. Aliziacha zote mbili zikae pale, zinatazamana.

"Hii," nikasema.

"Na bega je?" Baba akauliza.

"Bega haina neno."

Bega lilikuwa na maneno mengi, na lilinieleza yote. Kila alasiri Assani alikuja barazani kwetu kunifundisha. Somo lilidumu urefu wa sigara moja. Baada ya hapo alinyakua gitaa akapiga mwenyewe hadi giza liingie. Jumamosi aliondoka nalo kwapani bila hata kuaga. "Gita isiyopigwa inakufa baridi," alisema. "Nitakupashia." Lilirudi likinuka bia. Mimi nilibaki na ncha za vidole zilizochubuka, na shingo iliyokaa upande kama ya mtu anayesikiliza ukuta.

Na muziki haukutoka. Mkono wangu wa kushoto ulijifunza kupanda na kushuka, ndiyo, lakini wa kulia haukujua pigo. Ulikwaruza mapema, ukakwaruza kwa kuchelewa, ukasahau. Assani aliuchapa kwa kiberiti.

"Hii mukono imekufa? Tuizike?"

"Imechoka, Kaka Assani."

"Imechoka na nini? Imefanya nini tangu uzaliwe?"

Ningeweza kumwambia. Ilikuwa imekula, imeandika, imesalimia, yote kwa amri. Lakini nilivumilia. Wa kushoto ulikuwa juu, hadharani, hilo lilinitosha. Na kila treni ya kutoka kusini, upande wa Kibombo, ilipopiga filimbi nilinyoosha shingo yangu mbovu kutazama njia.

Mnajiuliza Shangazi alikuwa wapi. Alikuwa palepale. Alikuwa msusi wa mtaa, na alisukia barazani, lakini tangu gitaa liingie nyumbani alikuwa ameamua kulipa mgongo. Alikaa akitazama ukuta, na mteja wake akatazama ukuta, na mimi nikapiga nyuma yao. Ijumaa moja akaja Mama Feza, jirani yetu, mwenye jipu upande mmoja wa kichwa, na kwa ajili ya jipu hilo ikabidi wakae wamegeukia mwanga. Yaani wamenigeukia mimi.

"Zaina," Mama Feza akasema kwa wema, "huyu mwana wa Amisi anaanza kujua. Angalia mukono inavyokimbia."

Shangazi akainua macho. Vidole vyake vikasimama katikati ya suko.

"Mukono gani?"

Mama Feza akaona amekanyaga kitu, akainamisha kichwa. Assani, aliyekuwa ameegemea nguzo akimaliza sigara, akaizima kwa kiatu.

"Rama, nakuuliza. Mukono gani inakimbia huko juu?"

"Ya kushoto, Shangazi."

"Na ya kulia inafanya nini?"

"Inakwaruza."

"Inakwaruza." Akalitafuna neno. "Ya choo njo inaimba, ya kulia inakwaruza. Juu ya baraza yangu. Siku ya Ijumaa."

"Mama Zaina," Assani akaingilia, "njo inavyopigwa. Dunia nzima."

"Dunia nzima inakula kwa nani? Kwangu?" Alikwishainuka. "Leta hiyo kitu. Itageuzwa."

"Haigeuzwi! Hii si kikoi!"

"Weye Assani, kila Jumamosi unaondoka na kitu ya mutoto kwa kwapa, sijasema neno. Nilikuwa nasema, huyu Assani hana mama wa kumufundisha kuomba. Leo nimesema. Kaa ama toka."

Assani hakukaa wala hakutoka. Shangazi alilaza gitaa mkekani, chali, akaanza kuzungusha funguo. Nyuzi zikalegea, zikalia vibaya moja baada ya nyingine, na ghafla kile kijiti kilichozibeba kikaanguka. Tak! Nikapiga yowe. Nilidhani amelivunja mfupa. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba gitaa la namna hiyo kijiti chake hakigundishwi. Kinashikiliwa na nyuzi zenyewe, kwa kubanwa tu. Shangazi naye hakujua. Kwa muda mfupi nilimwona ameogopa, mdomo wazi, na niseme kweli, katikati ya machozi yangu nilifurahi.

Haukudumu, ule woga. Aliinama akaona alama nyeupe kwenye rangi, pale kijiti kilipokuwa kimesimama miaka yote. Akakigeuza, akakirudisha juu ya alama. Kisha akahamisha nyuzi, ya kwanza mahali pa mwisho, ya mwisho mahali pa kwanza, kwa vidole vilevile vilivyozoea kutenganisha nywele na nywele. Uzi mnene ulikataa kuingia kwenye mfereji wa uzi mwembamba, kule juu karibu na funguo. Akauchimba mfereji kwa ncha ya kisu cha vitunguu. Uzi mmoja ulikatika ukamchapa kidevuni, damu ikatoka. Aliifuta kwa kiganja akaendelea. Na muda wote huo alitukana: alimtukana Mgiriki, alimtukana Frere, alimtukana Baba aliyekuwa mtoni hana habari, na mama yake Assani, ambaye alikuwa marehemu.

"Umeua gita!" Assani akapiga kelele. "Sasa hakuna muntu wa kuipiga, Kindu nzima!"

"Vizuri," Shangazi akasema. Akanirushia gitaa mapajani. "Shika. Ya kulia juu. Ile ya choo ikakwaruze chini, njo kazi yake."

Nikashika, nikazikaza nyuzi kwa sikio kama nilivyomwona Assani akifanya. Sasa hapa nisikilizeni vizuri, maana ni jambo ambalo sikumwambia mtu kwa miaka mingi.

Bega la kushoto lilipanda vilevile, tumbo la gitaa lilikuwa kubwa vilevile, lakini hakuna kilichouma. Mkono wa kulia, uliofunzwa utii kwa rula na kaniki, ulikwenda juu ukabonyeza palipoambiwa, kama karani. Na wa kushoto ukaangukia nyuzi, ukajua. Ulijua pigo bila kufundishwa, kama mguu unavyojua kizingiti cha nyumba yake gizani. Nyuzi tano zilizobaki zikasema pamoja, na Mama Feza, na jipu lake, akatikisa kichwa kwa mapigo. Ndipo nilipoona kitu ambacho mikono ya Assani ilikuwa imenificha siku zote. Mkono wa juu unachagua tu. Anayesema ni wa chini. Shangazi alitaka kuunyamazisha mkono wangu wa kushoto, akaupa mdomo.

Nilikaribia kucheka. Kisha nikamwona ananitazama, jicho moja limefinywa, damu kidevuni, nikafanya jambo la akili kuliko yote niliyowahi kufanya kabla na baada. Nililia.

"Shangazi, inaniumiza!"

"Vizuri."

"Siwezi, Shangazi! Rudisha kama zamani!"

"Sema tena, nitageuza na kichwa yako."

Basi nikawa naugua. Kila alasiri nilikaa barazani nikapiga, na kila baada ya muda niliguna, nikakunja uso, nikapuliza vidole. Nikijisahau nikatabasamu, niliona lile jicho linafinywa, nikaugua haraka. Sidhani kama kuna mtoto mwingine Kindu aliyeteswa na starehe kama mimi. Watu wa mtaa walinihurumia. "Masikini mwana wa Amisi," walisema, "anapiga vizuri hivyo na maumivu yote hayo."

Assani alijaribu mara moja tu. Jumamosi iliyofuata alikuja akalichukua kwapani kama kawaida, kwa kiburi, na orkesta ikaanza. Nilisimama ng'ambo ya barabara. Aliweka vidole vyake mahali vilipozoea, na gitaa likamjibu matusi. Akajaribu kuligeuza, mikono ikamgeuka yeye. Site nzima ilicheka; wacheza dansi walishikana mabega wasianguke. Kabla wimbo haujaisha alikwishavuka barabara, mafuta yakimtiririka usoni, akanitupia gitaa kifuani.

"Kamata gita yako ya wachawi, weye Kushoto!"

Hakunifundisha tena, wala hakunisalimia tena, hata tulipokuwa watu wazima na kukutana posta. Sikujali. Gitaa likawa halichukuliki. Katika mji mzima lilikuwa na mwenyewe mmoja.

Kaniki nayo ilikosa kazi polepole, kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa umekwishazoea sinia. Siku moja Shangazi alinirushia kile kipande, kimepauka, bado kina alama za meno yake.

"Fungia gita. Inateleza kwa mapaja, inaniudhi."

Nikakifanya mkanda wa begani. Wapo ndugu wanaosimulia jambo hilo kama ishara ya upendo. Waache wasimulie. Mimi nilikuwapo, na niliuona uso wake; ndio uso aliochinjia kuku.

Nilipokuwa mkubwa, nimemaliza masomo, nilipanda treni hadi Kibombo. Ndiyo safari ya pekee niliyowahi kufanya bila kusukumwa. Nilimkuta Mama anapepeta mchele, nikampigia gitaa, kisha nikamwuliza kuhusu mkono.

"Mukono gani?" Mama akasema.

"Wangu. Wa kushoto. Uliokufanya uondoke."

Akaweka ungo chini. Hakukumbuka hata kama nilikuwa mashoto. "Mwanangu, nani alikudanganya? Mimi niliondoka sababu ya Zaina. Nyumba moja, sote wawili? Tungeuana." Akacheka hadi akajifuta macho kwa ukingo wa kitenge. Nilicheka pia, kwa heshima. Lakini njiani kurudi, dirishani mwa treni, nilikuwa nimeukalia mkono wangu wa kushoto kama mtu anayepasha yai, na nilimchukia Shangazi upya, kwa nguvu za mtu mzima.

Alizeeka sana, hadi tukadhani kifo chenyewe kinamwogopa. Kilipothubutu hatimaye, matanga yalijaa. Kila mtu alisimama akamsifu: mcha Mungu, mlezi, mkweli. Wakanigeukia mimi, mtoto aliyemlea.

"Alikuwa na vidole hodari," nikasema, nikakaa. Lilikuwa jambo la kweli na sikuwa na lingine.

Kisha sinia zikaja. Wali, nyama, mchuzi unafuka. Tulikaa duara, na nikautazama mkono wangu wa kushoto ukiwa umelala gotini, huru, hakuna mtu wa kuufunga tena duniani. Nikajiambia: leo. Leo utakula, mbele ya watu wake wote, chakula cha matanga yake. Nikavuta pumzi. Mkono ukaenda siniani, ukafinyanga tonge safi, ukalileta mdomoni, na nilipotazama ulikuwa wa kulia. Wa kushoto ulikuwa mgongoni. Ulikwenda wenyewe. Amekwishazikwa yule mwanamke, na bado ameshika fundo kwa meno.

Nikala hadi nikashiba, kwa adabu zote alizonifunza. Nikanawa, nikaaga, nikarudi nyumbani jua likiwa bado juu. Nikatoa gitaa, nikapitisha kaniki begani, nikakaa barazani, nikaupa mkono wa kushoto kazi yake. Nilipiga kwa sauti. Sikuguna, sikukunja uso, sikupuliza vidole. Watu walipunguza mwendo barabarani, na mmoja akaniuliza kama leo hainiumi.

"Haijawahi kuniuma," nikamwambia, kwa sauti ya kutosha kufika makaburini. Na kama alisikia huko aliko, aje ageuze.